Jifunze kupiga solo ya tarumbeta kwa kumsikiliza Lee Morgan jukwaani

Live at the Lighthouse, albamu ya Lee Morgan, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, ilirekodiwa tarehe 10 hadi 12 Julai 1970 katika klabu ya Lighthouse, Hermosa Beach, California. Siku ile ya kwanza Morgan alitimiza miaka 32. Februari 1972 alipigwa risasi klabuni New York, akafariki. Nimepuliza tarumbeta miaka mingi kwenye bendi ya dansi, na hakuna albamu iliyonifunza kuliko hii.

Hatua ya 1. Tafuta toleo la 1971. Lile la 2021 lina awamu zote 12 za onyesho la siku zile tatu, utazama humo. La 1971 lina nyimbo nne tu, kila mmoja umejaza upande mzima wa santuri.

Hatua ya 2. Anza na Absolutions, lakini tarumbeta iache kwanza. Mfuate Jymie Merritt, mpiga bezi aliyeutunga wimbo huo, mpaka uweze kuimba anachopiga huku unafua nguo. Sisi wa dansi tumezoea maneno kwanza, chemko (sehemu ya kasi ya kucheza) baadaye. Hapa kiitikio hufungua na kufunga wimbo, na katikati kila mpigaji hupewa uwanja wake wa solo. Usipoishika bezi utapotea njiani.

Hatua ya 3. Rudia, sasa sikiliza pale Morgan anaponyamaza. Nani anamjibu? Mara ni Mickey Roker kwenye dramu, mara Harold Mabern kwenye piano. Wanafunzi wengi huiba noti wakasahau kimya, na kimya ndicho kinachowapa wenzako nafasi ya kuingia.

Hatua ya 4. Chagua kifungu cha sekunde tano, kisizidi hapo. Kiimbe mpaka kikukae kichwani, ndipo ushike tarumbeta. Ukikutana na sauti inayobanwa na kuteleza kama mtu anayeguna, hiyo ni valvu (kitufe cha tarumbeta) iliyobonyezwa nusu, ufundi aliosifika nao Morgan. Ifanye hivi: puliza noti ya katikati bila kubonyeza kitu, kisha shusha valvu zote tatu hadi nusu huku pumzi ikiendelea kwa nguvu ileile. Sauti itakwama kooni. Ziachie polepole, itafunguka. Wengi hupunguza pumzi vidole vinaposhuka, na sauti hufa. Tumbo likaze, midomo isibane. Dakika kumi kwa siku zinatosha, midomo ikichoka pumzika.

Hatua ya 5. Punguza kasi ya wimbo kwa programu ya simu, piga pamoja naye, jirekodi, linganisha.

Hatua ya 6. Nenda Neophilia, wimbo wa Bennie Maupin, ambamo anapiga klarineti ya bezi. Sauti yake nzito inakuonyesha tarumbeta ikae wapi.

Ukiwa na vifungu vitatu mkononi, peleka kimoja mazoezini. Kipige, nyamaza, mwache mpiga dramu akujibu.