Fundisha sikio kwa puto, chumvi na kijiko

Nafundisha sayansi katika shule ya msingi hapa Kirumba, Mwanza, na mada ya sikio naipenda kuliko zote. Kawaida huchorwa ubaoni, watoto wanakariri majina, mtihani unapita, imeisha. Mzazi au mwalimu mwenzangu, naomba uache kuchora kwanza. Mfanye mtoto aifuate sauti njia yake yote kwa vitu vya nyumbani. Akiijua njia, atajua pa kulinda. Nawe utaanza kupata picha ya shida ilipo pale anapoitwa asiitike, kabla hujamwita mkaidi.

Tafuta bakuli, puto, chumvi kidogo, sarafu mbili, kijiko cha chuma na uzi wa kama mita moja.

Anza na sarafu. Mtoto afumbe macho, asimame katikati ya chumba, nawe uzigonge upande huu, kisha ule. Atanyoosha kidole bila shida. Sasa azibe sikio moja, urudie: ataanza kubabaika. Sauti ikitoka kulia hulifikia sikio la kulia mapema zaidi, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa kiasi kikubwa ubongo hutegemea tofauti hiyo kujua upande. Mtoto anayesikia kwa sikio moja anapovuka Barabara ya Makongoro husikia honi ya bodaboda, ila hajui inatoka wapi. Huyo ashikwe mkono, hata kama ni mkubwa.

Sauti ikishaingia hupita kwenye tundu la kama sentimita 2.5, ikaipiga ngoma ya sikio. Kata shingo ya puto, livute juu ya bakuli mpaka likaze kabisa, nyunyiza chumvi. Mtoto asogeze mdomo karibu bila kupuliza, aimbe “uuuu” kwa sauti nzito. Chumvi itarukaruka! Mpe muda wa kutosha hapa, ajaribu sauti nyembamba, ajaribu kunong’ona. Kisha legeza puto, aimbe tena: chumvi inatulia. Ngoma yenyewe ina upana wa kama sentimita moja tu. Ikitoboka, au nyuma yake pakijaa maji au usaha, haitikisiki inavyopaswa.

Nyuma ya ngoma kuna mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ni mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3. Kwa nini mifupa? Kwa sababu sikio la ndani limejaa majimaji, na sauti ya hewani ikigonga maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Watoto wa ziwani wanalijua hili: mwenzao akizamia, hasikii wanaomwita kutoka ufukweni. Ngoma ina eneo la takriban mara 17 ya kitako cha kikuku, hivyo msukumo wote hukusanywa mahali padogo ukapata nguvu ya kupenya.

Ndani zaidi kuna koklea, iliyojiviringisha kama gamba la konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa taarifa ya kupelekwa kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Za mwanzoni hupokea sauti nyembamba, za mwisho kabisa nzito. Georg von Békésy, aliyeonyesha mawimbi yanavyosafiri humo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena. Kwa hiyo mashine ya kusaga, injini ya boti na sabufa za harusini zina kanuni moja: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele imezidi. Mwondoe mtoto hapo.

Sasa kijiko. Kifunge katikati ya uzi, ncha mbili zizungushwe kwenye vidole vya shahada, vidole viingie masikioni, ainame kijiko kigonge meza. Mlio mzito utamshangaza. Umepita kwenye uzi, vidole na mfupa wa kichwa mpaka kwenye koklea, bila kuihitaji hewa ya nje. Kisha afumbe mdomo aimbe “mmmm” na kuziba sikio moja: sauti inahamia upande uliozibwa. Mtoto akikuambia inaegemea upande mmoja bila kuziba chochote, masikio yake hayako sawa. Huenda upande huo umezibwa na nta au una maji, huenda upande wa pili ndio wenye shida ndani. Akapimwe.

Ninalosisitiza zaidi ni usaha unaomtoka mtoto sikioni. Watu huuzoea, wanasema atakua utaisha. Huo usaha unakula usikivu wake. Sokota kipande cha kitambaa safi cha pamba, kiweke sikioni mpaka kilowe, badilisha kingine hadi sikio likauke, mara tatu kwa siku, na umpeleke kituo cha afya akaandikiwe dawa ya matone. Usimimine mafuta wala maziwa ya mama, na asiogelee ziwani mpaka apone. Akivimba nyuma ya sikio pakauma, ni hospitali siku hiyohiyo.

Nta iache, hutoka yenyewe. Vijiti vya pamba huisukuma ndani. Na punje ya mahindi au harage ikiingia, usitie maji, itavimba. Itolewe na mhudumu wa afya.

Darasani, mtoto asiyesikia vizuri mkalishe mbele, sikio zima likielekea kwako, na umwite jina kabla ya kumuuliza swali. Usizungumze umegeukia ubao, maana midomo yako naye anaisoma.