Kupanga safari ya kuzamia Unguja na mwenzi asiye na hamu sana

Mimi nafundisha kuzamia kwa mitungi ya hewa kaskazini mwa Unguja, na wengi wanaonijia ni wawili wawili. Mmoja ameshachagua suti kabla hatujamaliza kusalimiana, mwingine amekaa kwenye benchi anauliza tutarudi saa ngapi. Mwongozo huu ni wa yule wa kwanza. Ukiipanga safari kwa kipimo cha hamu yako, mwenzako atazamia mara moja na hutamwona tena majini. Ipange kwa kipimo chake, halafu tafuta nafasi zako pembeni.

Hatua ya 1: Uliza kinachomkera kabla hujalipa chochote

"Basi tu, sipendi" si jibu, chimba kidogo. Kuna anayeogopa kukosa pumzi, kuna aliyewahi kuumwa masikio bwawani, kuna asiyejua kuogelea na anaona haya kusema. Wengine shida yao ni mavazi mbele za watu. Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote: suti ndefu hufunika kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, ipo na kofia yake, na juu yake mtu anaweza kuvaa fulana pana. Mwambie mwalimu mapema atafute saizi.

Mzamo wa majaribio haudai mtihani wa kuogelea. Kozi ya cheti cha kwanza inadai: kuogelea mita 200 bila kupumzika na kuelea dakika 10. Kwa hiyo usimlipie kozi nzima kama zawadi ya kushtukiza. Mlipie jaribio moja, ambalo kina chake hakizidi mita 12, kisha mwache aamue mwenyewe.

Omba fomu ya afya mkiwa bado nyumbani. Pumu, moyo, kifafa au upasuaji wa masikio ni mambo ya kumwona daktari kwanza, na mjamzito hazamii. Kuyajua hayo mkiwa mmeshafika Nungwi ni hasara ya bure.

Hatua ya 2: Panga kwa upepo na mwezi, si kwa sikukuu

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Watu huangalia likizo ya kazini, wakapata ofa ya hoteli, wakaja Aprili katikati ya masika, maji yamechafuka na mvua hainyamazi. Kwa mgeni wa bahari chagua tanga mbili, kipindi ambacho upepo wa kusi umekwisha na ule wa kaskazi haujashika vizuri. Oktoba na Novemba bahari mara nyingi hutulia, ingawa vuli inaweza kuwanyeshea. Februari hadi mwanzoni mwa Machi nako kuzuri, na maji ni ya moto, hufika nyuzi 29. Agosti hushuka hadi karibu 25. Wewe utaona ni sawa tu, yeye atatetemeka kwenye mzamo wa pili.

Baada ya mwezi wa kalenda, tazama mwezi wa angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, na hapa Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Maji yote hayo lazima yapite mahali, na yanapopita kwenye miamba ndipo mkondo unapokuwa mkali. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, huja karibu na nusu mwezi, yaani kuzunguka tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo, au siku moja mbili baadaye. Weka mzamo wake wa kwanza humo. Bamvua ina kero nyingine pia: upande wa mashariki, Matemwe kwa mfano, maji yakipwa bahari inakwenda mbali na mtu anatembea juu ya miamba kuifuata boti. Mwoga akianza siku kwa kukanyaga miiba, umeshampoteza. Kendwa na Nungwi mnaweza kuogelea wakati wowote.

Hatua ya 3: Chagua mwamba unaomfaa yeye

Kwenye kisiwa kidogo cha Mnemba, karibu na Matemwe, pana sehemu za kina kifupi zenye kasa na samaki wengi, Wattabomi ikiwemo. Ndipo ninapowapeleka wageni bahari ikiruhusu. Leven Bank, mwamba ulio baharini kaskazini mwa Nungwi, ina kina na mkondo, usimpeleke hata kama picha zake zimekutoa udenda. Pemba ni nzuri mno, ila kuta zake zinazoshuka kwenye giza la buluu humtisha mtu ambaye bado anahesabu pumzi zake. Mafia, ndani ya ghuba ya Chole, maji ni tulivu zaidi kuliko nje ya mlango wa Kinasi. Tena Mafia ina kitu kwa asiyetaka mtungi kabisa: papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote na asiyedhuru watu, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, wanaotazamwa kwa miwani na mrija tu. Walio Kenya wana Watamu na Kisite.

Hatua ya 4: Anzeni nyumbani na beseni

Sitanii. Nunua miwani ya kuzamia na mrija, jaza beseni, mwambie aweke uso majini na kupumua kwa mdomo hadi achoke. Siku nyingine afanye hivyo bila miwani, maji yakigusa pua. Kinachowashtua wengi ni maji puani, kuliko hata kina, na beseni hutibu hilo.

Miwani ipimwe bila mkanda: iweke usoni, vuta hewa kidogo kwa pua, iachie. Ikibaki imeshika, inafaa. Unywele mmoja uliopita chini ya mpira unatosha kuingiza maji. Mwenye misuki aivute yote nyuma na kuifunga chini, kisha mkanda ukae juu ya fundo. Sharubu nene nazo huvujisha.

Usimfundishe wewe. Hata kama una vyeti vya kutandaza ukutani. Mume akimwambia mke "pumua taratibu" chini ya maji, huko juu unakuwa ugomvi wa nyumbani. Mtafutie mwalimu mvumilivu mwenye wanafunzi wasiozidi wawili siku hiyo, na muulize waziwazi: akisema hataki, mnafanyaje? Mwalimu anayejibu "tunampandisha, hakuna neno" ndiye wako.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Siku ya kufika msizamie. Kesho yake, mazoezi kwenye maji ya kifuani, kisha mzamo mmoja. Mmoja tu, hata akitoka anacheka.

Asubuhi ale kitu chepesi, na kama boti humpa kichefuchefu, anywe dawa saa moja kabla ya kuondoka. Akae katikati ya boti, mbali na moshi wa injini, macho yake yawe kwenye upeo.

Mkumbushe ishara. Dole gumba juu maana yake ni "napanda", si "poa". Kila wiki kuna mtu anayepandishwa juu kwa sababu alitaka tu kusema anafurahi. Poa ni duara la kidole gumba na cha shahada.

Kisha masikio. Mita 10 za kwanza ndizo zinazouma, kwa sababu hapo shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu na hewa iliyo ndani ya sikio inasinyaa hadi nusu. Abane pua na kupuliza polepole akiwa bado juu, halafu tena kila nusu mita anaposhuka, kabla ya kusikia maumivu. Ashuke miguu ikiwa chini, ameshika kamba ya boya. Sikio likikataa, apande mita moja, ajaribu tena, asilazimishe. Mwenye mafua hashuki siku hiyo.

Wewe kaa upande wake mahali anapokuona, na kamera uiache kwenye boti.

Hatua ya 6: Mizamo yako

Weka siku moja kamili ambayo wewe unatoka na wazamiaji wengine alfajiri, na yeye ana mipango yake: ziara ya viungo, Mji Mkongwe, au usingizi. Mkubaliane kabla ya safari, asije akajisikia ameachwa.

Hatua ya 7: Kurudi

Baada ya mizamo ya siku kadhaa subiri saa 18 kabla ya kupanda ndege. Baada ya mzamo mmoja, saa 12. Kale kandege kadogo ka kwenda Dar nako ni ndege. Ikiwa mnaruka saa nne asubuhi, mzamo wako wa mwisho uwe umekwisha kabla ya saa kumi jioni ya jana yake. Boti ya kwenda Dar haina sharti hilo, lakini kama mwenzako alitapika njia nzima ya Mnemba, kata tiketi za ndege, na mzamo wa siku ya mwisho uuache.