Kabla Hujakunja Teselesheni Yako ya Kwanza

Teselesheni ya origami ni karatasi moja, isiyokatwa wala kubandikwa, iliyokunjwa mpaka ikatoa umbo linalojirudia kutoka ukingo hadi ukingo: miraba iliyosokotwa, nyota, pembesita. Ukiiona imekamilika, hamu inakutuma uanze na ile nyota. Nakuomba usubiri kidogo. Wengi wanaoiacha kazi hii mapema hawana mikono mizito hata kidogo. Karatasi yao ilikuwa mbaya au gridi yao ilipinda, na mambo hayo mawili huwa yameshaamuliwa kabla ya msokoto wa kwanza, yaani mraba mdogo unaozungushwa huku marinda yakilala kuuzunguka.

Karatasi, basi. Teselesheni huitesa karatasi kuliko ndege au boti unayomkunjia mtoto. Kila mstari unakunjwa upande huu, unafunguliwa, unakunjwa upande wa pili, na pale mistari inapokutana ndipo nyuzi za karatasi huanza kuachana. Unahitaji karatasi nyembamba, yenye nyuzi imara, inayoshika mkunjo na kuukumbuka. Zile za rangi za sentimita 15 zinazouzwa kwa ajili ya origami zinafaa kwa maumbo mengi, ila hapa rangi huchubuka kwenye mikunjo na weupe wa ndani ukatokeza. Manila ni nene mno. Gazeti halishiki mkunjo. Wakunjaji wengi wa Ulaya husifu karatasi ya Kijerumani iitwayo Elefantenhaut, ya gramu 110, lakini huna haja ya kuihangaikia. A4 ya gramu 80, ile ya kwenye rimu pale steshenari, inatosha kabisa kujifunzia.

Ukitaka kitu kizuri zaidi, tafuta kaki. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019, mifuko ya kaki imekuwa rahisi kupatikana madukani. Nyuzi zake ni ndefu na huvumilia kurudiwarudiwa. Chagua mfuko mwembamba usio na maandishi, ubandue pale ulipogundishwa, kisha uupige pasi ya joto la kadiri bila mvuke. Kabla ya kuiamini karatasi yoyote, kata kipande kidogo, kunja mstari mmoja huku na huku mara kumi, halafu kivute taratibu. Kikikatika kwenye mstari, tafuta nyingine. Walioko pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, wazihifadhi karatasi zao ndani ya mfuko uliofungwa, maana unyevu huilegeza karatasi na mkunjo unakosa makali.

Hakikisha pia una mraba wa kweli. A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo mraba wako utakuwa wa sentimita 21. Ukate kwa rula ya chuma na wembe, kwa sababu mkasi huyumba. Kisha kutanisha pembe kwa mshazari, huku na huku. Upande mmoja ukizidi hata milimita moja, punguza sasa, kwani gridi haitakusamehe baadaye.

Gridi ndiyo moyo wa kazi yote. Ni ile mistari iliyonyooka inayogawa karatasi katika miraba midogo iliyo sawa, na hupatikana kwa kukunja nusu, robo, thumni, na kuendelea. Usipime kwa rula. Peleka ukingo kwenye alama. Ukishapata robo, ukingo ukiupeleka kwenye alama ya robo ya kwanza unapata thumni ya kwanza, ukiupeleka kwenye alama ya robo tatu unapata thumni ya tatu, kisha unageuza karatasi na kufanya vivyo hivyo kutoka ukingo wa pili. Kunja tabaka moja tu kila mara. Anayetaka kuokoa muda kwa kukunja karatasi iliyokwisha kukunjwa hupata mistari isiyolingana, kwa sababu unene wa tabaka la ndani hulisukuma lile la nje. Na kila mstari ukimalizika, ugeuze uukunje upande wa pili pia, ili baadaye ukubali kuwa mlima (mkunjo unaochomoza kuelekea kwako) au bonde (unaozama) bila ubishi. Ukucha unatosha kukazia, au mgongo wa kijiko.

Hesabu ukubwa mapema. Gridi ya 16, yaani miraba 16 kwa 16, kwenye mraba wa sentimita 21 inatoa miraba midogo ya milimita 13 hivi, na ina mistari 15 kila upande, jumla 30. Gridi ya 32 inashuka hadi milimita 6.5 na mistari inafika 62. Hiyo ya pili iache kwanza. Anza na gridi ya 4, ndiyo, nne tu, kwa msokoto mmoja.

Msokoto wa mraba ndio alfabeti ya ufundi huu, na nashauri uujue kwa vidole kabla ya kuangalia mchoro wowote mkubwa. Kwenye gridi ya 4, tafuta kitovu cha karatasi. Makutano manne ya gridi yanayokizunguka, yaani ya juu, chini, kulia na kushoto, ndiyo pembe za mraba mdogo uliolala kimshazari. Finya pande zake nne peke yake, usiipitishe mistari hiyo hadi ukingoni. Sasa marinda: kila upande wa mraba huo hutoa rinda moja, na manne hayo hutoka kuelekea kingo kama mabawa ya kititia. Pande za mraba wa kati zote ni mlima. Mistari miwili ya katikati ya karatasi, kuanzia nje ya mraba, ni mlima pia. Mabonde ni nusu ya kila mstari wa robo: wa kulia kwa nusu yake ya juu, wa chini kwa nusu yake ya kulia, wa kushoto kwa nusu yake ya chini, wa juu kwa nusu yake ya kushoto. Anza kulaza marinda kutoka kingoni. Katikati kutainuka, nawe ukubonyeze taratibu huku ukikusokota. Ukikosea mlima na bonde kwenye rinda moja, karatasi haitalala hata ukiikalia.

Inakataa kwa sababu zinazojulikana. Wajapani wawili, Jun Maekawa na Toshikazu Kawasaki, wameziachia jina kanuni mbili unazoweza kuzikagua papo hapo. Kwenye kila makutano ya mistari ndani ya karatasi inayolala bapa, tofauti ya idadi ya milima na mabonde ni 2 daima. Kwenye msokoto wetu kila pembe ya mraba wa kati ina milima 3 na bonde 1. Na ukichukua pembe zilizo kati ya mistari hiyo, ukajumlisha moja, ukaruka inayofuata, ukaendelea hivyo kuyazunguka hayo makutano, unapata digrii 180. Kwetu ni 90 na 90, kisha 45 na 135. Mimi hukagua hivi kabla ya kulazimisha chochote, na karatasi nyingi zimepona kwa njia hiyo.

Jambo jingine la kujua kabla: karatasi itapungua. Rinda la upana wa mraba mmoja hula miraba miwili. Karatasi ya gridi ya 4 iliyosokotwa mara moja inabaki nusu ya upana wake, na hali ni hiyo hiyo kwenye gridi ya 8 yenye misokoto minne au ya 16 yenye misokoto kumi na sita. Ukitaka kazi ya sentimita 20 ya kuweka kwenye fremu, andaa sentimita 40. Na misokoto inayopakana lazima izunguke kinyume: mmoja ukifuata mshale wa saa, majirani zake wote wanakwenda kinyume chake. Weka alama ndogo za penseli nyuma ya karatasi kabla ya kuanza kukusanya, yaani kuyalaza marinda yote pamoja.

Michoro ya kuiga haitakupungukia. Shuzo Fujimoto, mwalimu wa kemia huko Japani, alikuwa akichunguza misokoto hii tangu miaka ya 1970, na Mmarekani Chris K. Palmer alipata mengi kutoka kwenye vigae vya Alhambra, kasri la Waislamu mjini Granada, Hispania. Sakafu yoyote yenye vigae vya namna hiyo inafaa kuchunguzwa kwa penseli na karatasi ya grafu.

Nyota na pembesita zinahitaji gridi ya pembetatu, yenye mistari ya pande tatu kwa digrii 60. Digrii hizo hupatikana bila kipimapembe: kunja karatasi nusu kwa urefu, fungua, kisha chukua pembe moja ya chini uipeleke ikaguse mstari wa nusu, huku mkunjo ukipita kwenye pembe ya pili ya chini. Gridi hiyo ifikie ukiwa umeshakusanya misokoto minne kwenye gridi ya 8 bila karatasi kuchanika.