Kuomba tathmini ya ulemavu kwa mgonjwa wa kiharusi, Parkinson na wenzao: usiandike "anaweza" tu

Watu wengi wakipewa ile fomu ya tathmini wanajaza historia ya ugonjwa kwa kirefu, lini aliugua, alilazwa siku ngapi, presha ilikua ngapi, alafu wakifika kwenye maswali ya kuvaa na kuoga na kwenda chooni wanaandika neno moja tu, "anaweza". Hapo ndo ombi linapofia. Mi nilijaza hivyo hivyo ya mzee wangu baada ya kiharusi ikarudi imekataliwa, na wala hatukuonewa, ukiisoma ile karatasi unajiuliza kabisa, huyu ni mzima wa afya, anataka nini huku.

Kila nchi ina fomu zake na ofisi zake ila maswali yanafanana sana, kwa sababu tangu 2001 Shirika la Afya Duniani lina mfumo wake unaoitwa ICF ambao hauishii kwenye jina la ugonjwa, unaangalia mwili umeathirika wapi, mtu anashindwa kufanya nini na mazingira yake yanamsaidia au yanamkwamisha vipi. Na ni haki tu, maana unaweza kukuta watu wawili wote wana Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kukaza), mmoja bado anaenda kazini, mwingine usiku hawezi hata kujigeuza kitandani.

Kwanza jua unaomba nini

Kuna huduma zenyewe za utengamao (fiziotherapia, tiba ya usemi, mazoezi ya kurudisha kazi za mikono), kuna vifaa kama kiti mwendo, magongo au bamba la kushikilia mguu, na kuna kutambuliwa kama mtu mwenye ulemavu ili upate kadi au msaada. Mara nyingi haya ni maombi tofauti yenye fomu tofauti, uliza mapema usije ukajaza kurasa zote alafu unaambiwa hii sio yenyewe.

Na usiyangojeshe yote pamoja. Huduma za mazoezi ziombe mgonjwa akiwa bado wodini, kwa kiharusi miezi 3 ya mwanzo ndo mwili unarudi kwa kasi kuliko baadae. Ile ya kutambuliwa ulemavu yenyewe mara nyingi wanataka hali itulie kwanza waone kinachobaki, ukienda wiki ya pili watakwambia rudi baadae.

Karatasi za hospitali

Kusanya ripoti ya kuruhusiwa, majibu ya picha ya ubongo au uti wa mgongo, orodha ya dawa na dozi zake, na ripoti ya mtu wa mazoezi kama ameshaanza. Muombe daktari asiishie kwenye jina la ugonjwa, aongeze sentensi mbili tatu za mgonjwa anashindwa nini, kwa mfano "hawezi kuinuka kitini bila kushikwa".

Kuna kitu kimoja kinaangusha watu na ni kidogo tu. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo kinalegeza upande wa KULIA wa mwili. Sasa ripoti moja imeandika kushoto maana yake ubongo, nyingine imeandika kulia maana yake mkono, na wewe kwenye fomu ukaandika la tatu lako, anayesoma anaona hawa wanachanganya habari. Andika wazi: "ubongo upande wa kushoto, mkono na mguu wa kulia".

Daftari la wiki mbili

Hii hatua hakuna ofisi itakwambia ila kwangu ndo iliyobeba rufaa yetu baada ya kukataliwa. Chukua daftari la kawaida, kila siku andika alichofanya mwenyewe, alichosaidiwa, na dakika ngapi. Mfano wangu ni shati. Mzee alikua anavaa shati "mwenyewe", hivyo ndo tulikua tunasema nyumbani, nikakaa siku moja nikamwangalia bila kuingilia. Mkono uliolegea aliuingiza sawa kama alivyofundishwa, ule mgonjwa kwanza, akalivuta hadi begani vizuri tu, alafu vifungo. Kifungo cha kwanza kilimkatalia mara 4, akakikandamiza na kidevu, akafunga kwenye tundu la pili, akafungua, akaanza upya, kufikia cha tatu jasho linamtoka na akaacha hivyo hivyo akaniita. Dakika 19. Sasa hiyo sio "anaweza", hiyo ni "anavaa shati dakika 19 na vifungo anafungiwa".

Andika siku nzuri na siku mbaya zote. Najua kuna ushauri unazunguka kwamba jaza siku mbaya tu, mi siukubali, kwanza sio kweli, pili fomu nyingine zinakataa waziwazi. WHODAS 2.0 kwa mfano, ile ya maswali 36 ya Shirika la Afya Duniani, inauliza siku 30 zilizopita na inataka uchukue wastani wa siku nzuri na mbaya. Kwa hiyo hesabu: katika siku 14, siku 9 alihitaji kushikwa kuingia bafuni, siku 5 alienda na fimbo peke yake.

Sasa kujaza

Kipimo utakachokutana nacho sana hospitali ni cha Barthel, cha tangu 1965, kina vipengele 10: kula, kuoga, kujiweka nadhifu, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kitandani kwenda kitini, kutembea na kupanda ngazi. Jumla ni 100. Mambo matatu ya kujua hapo.

Moja, kinapima anachofanya kweli, sio ambacho angeweza akijikaza. Mbili, fimbo au kiti mwendo havimnyimi maksi, akitumia kifaa bila mtu anahesabika anajitegemea, ila kama lazima mtu asimame pembeni amwangalie asianguke, hata bila kumgusa, hapo hajitegemei. Hii watu wengi wanaikosa, wanaona kwa kuwa hawamshiki basi anaweza. Tatu, kuvaa kwa maksi kamili ni pamoja na vifungo, zipu na kamba za viatu, umeona sasa lile shati linaingia wapi.

Barthel ina pengo lake kubwa, haiulizi kumbukumbu wala kuongea wala uchovu. Mtu anaweza kupata 100 na bado hawezi kuachwa peke yake nyumbani kwa sababu anasahau jiko linawaka. Kama shida ya mtu wako iko huko iandike kwenye nafasi ya maelezo ya ziada, au omba pimo jingine lifanyike, hiyo WHODAS ina sehemu 6 na mojawapo ni kuelewa na kuwasiliana.

Kwa ugonjwa na ugonjwa, haraka haraka. Parkinson andika saa za dawa na hali kabla na baada ya dozi, na kama miguu inaganda akifika mlangoni au akigeuka litaje kabisa. Kifafa ukimkuta katikati ya degedege moja na nyingine ni mzima kabisa, kwa hiyo andika zinakuja mara ngapi kwa mwezi, anapotea fahamu au la, na inamchukua muda gani kurudi sawa baada yake. Multipo sklerosisi (kinga ya mwili inashambulia neva za ubongo na uti wa mgongo) usisahau uchovu na joto, joto likipanda dalili zinazidi kwa muda. Kiharusi, angalia kama anasahau upande mmoja, anakula nusu ya sahani anaacha nusu, anagonga bega mlangoni upande uleule, sio uzembe huo, ubongo hauuoni upande huo.

Na yale ya chooni yaandike. Aibu naijua, mzee mwenyewe aliniambia hayo usiyaweke, nikamwambia baba, anayesoma hakujui na hutakaa umuone, tukaandika.

Siku ya kupimwa

Nenda na fimbo ileile, viatu vilevile. Dawa anywe kama kawaida, usimnyime ili aonekane amezidiwa, ni hatari na mtaalamu anagundua. Nenda na daftari na mtu anayemhudumia kila siku, sio yule ndugu mwenye kuongea vizuri anayekuja kusalimia wikendi.

Anaweza kuambiwa ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, huku wanahesabu sekunde. Hapo aende mwendo wake wa kila siku, maana wagonjwa wakiona koti jeupe wanajikaza ajabu, mzee wangu siku hiyo alitembea kama anaenda kupokea nishani.

Kama usemi umeharibika mwambie mpimaji mapema kwamba anaelewa ila maneno hayatoki, na mpe nafasi ajaribu kabla hujamjibia. Ila pia kuna wagonjwa ambao ubongo wenyewe umewaficha ugonjwa wao, mtu anakwambia "sina tatizo" na mkono umening'inia, huyo usibishane nae mbele za watu, omba dakika mbili pembeni na mpimaji.

Kuwasilisha na kufuatilia

Asiyeweza kusaini uliza kama dole gumba linakubalika au wanataka barua ya mwakilishi. Piga kopi ya kila kitu kabla hujakabidhi, chukua namba ya ombi na jina la dawati ulilolikabidhi, andika tarehe.

Likikataliwa soma ile barua mpaka chini, huwa kuna siku za kukata rufaa na zinaanza kuhesabika tarehe ya barua au siku uliyopokea, hakikisha ni ipi. Kwenye rufaa usirudie maneno yaleyale kwa hasira, jibu sababu waliyoitaja. Sisi walisema "anajitegemea katika kuvaa", tukapeleka kurasa za daftari na ripoti ya fiziotherapia, ukurasa wa mbele kabisa tukaweka ule wa shati.