Makaratasi ya ndoa yakiwa bado mezani, usikimbilie tiketi ya KIA

Kila ifikapo Desemba, barabara ya kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Moshi hujaa magari yaliyobeba watu waliotoka mbali kuja kula sikukuu kwao Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Kwa aliyefunga ndoa na mwenyeji wa nchi anayoishi, na maombi yake ya kibali cha makazi bado hayajajibiwa, safari hiyo inaweza kumrudisha nyuma miaka. Naandika haya kwa sababu nimeliona likitokea nyumbani kwetu.

Mtoto wa baba yangu mdogo, dada yangu kabisa kwa malezi, alikuwa Uingereza akisubiri majibu ya kuongezewa muda wa viza ya mwenzi. Viza ya zamani ilikuwa imekwisha siku tisa baada ya kufungua maombi. Baba yake alipozidiwa, mtu aliyekuwa akimshauri alimwambia kwamba kwa kuwa pasipoti anayo mkononi, aende tu. Alifika Kibosho Ijumaa usiku, akamzika baba yake Jumamosi katika kihamba chao, yaani shamba la ukoo, kisha akakaa miezi saba bila kumwona mtoto wake wa miaka minne aliyebaki na mumewe.

Kosa lilikuwa hapo kwenye pasipoti. Uingereza siku hizi, ukienda kutoa alama za vidole, pasipoti huchukuliwa nakala na kurudishwa kwako, na uwanja wa ndege hakuna afisa wa uhamiaji anayekugongea muhuri wa kutoka. Kwa hiyo hakuna anayekuzuia, na mtu hudhani kwamba asiyezuiwa ameruhusiwa. Kanuni za uhamiaji za nchi hiyo zinasema kwamba aliyeomba akiwa ndani, akitoka kabla ya uamuzi na kwenda nje ya Uingereza, Ireland, kisiwa cha Man na visiwa vya Channel, maombi yake huhesabiwa kuwa yameondolewa tangu siku aliyotoka. Zaidi ya hapo, ile haki ya kuendelea kukaa wakati wa kusubiri, ambayo sheria ya uhamiaji ya mwaka 1971 humpa mtu aliyeomba kabla viza yake haijaisha, nayo hukatika anapovuka mpaka. Kama viza ya zamani bado ina siku, unaweza kurudi kwa hiyo na kuomba upya. Kama imekwisha, kama ya dada yangu, unaanza moja kutoka Dar es Salaam, kwa alama za vidole, cheti cha kipimo cha kifua kikuu na ushahidi wa kipato cha mwenzi wako.

Marekani mambo yanafanana, ila mlango mmoja umeachwa wazi. Aliyewasilisha fomu ya I-485, ya kuomba makazi ya kudumu, akiwa ndani ya nchi anaweza kuomba kibali cha kusafiri na kurudi kwa fomu ya I-131, na kibali hicho lazima kiwe kimeshatolewa kabla hajapanda ndege. Akitoka kikiwa bado kinasubiriwa, maombi yake ya makazi huhesabiwa kuwa ameyatelekeza, isipokuwa kwa makundi machache, kama wenye viza halali za kazi za H-1B na L-1. Panapotokea msiba au ugonjwa mkubwa, ofisi ya uhamiaji ya eneo lako inaweza kupokea ombi la dharura. Hapo ndipo ndugu walioko Moshi wanapohitajika: siku hiyo hiyo wakutumie barua ya daktari yenye muhuri, au cheti cha kifo, na kama imeandikwa kwa Kiswahili, itafsiriwe yote kwa Kiingereza, mtafsiri athibitishe kwa saini.

Ujerumani, mwenzi anayesubiri hupewa karatasi ya kukunja iitwayo Fiktionsbescheinigung. Ifungue ndani utazame visanduku vitatu. Kikiwa kimewekwa alama cha tatu, kinachotaja kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria yao ya makazi, kibali chako cha zamani kinahesabika kuwa bado hai na unaweza kutoka ukarudi. Kikiwa cha kwanza, cha aya ya 3, una haki ya kukaa tu, wala karatasi hiyo haikurudishi ukishatoka. Anayesafiri nayo abebe pia kadi yake iliyokwisha muda.

Aliyefungulia maombi nje ya nchi, tuseme mke aliyeko Arusha anayemsubiri mumewe aliyeko Ohio, kwa kawaida hana kifungo hiki. Anaweza kwenda Nairobi au Kampala, mradi pasipoti awe nayo na siku ya usaili awepo. Linalowashinda wengi ni viza ya matembezi ya Marekani katikati ya kusubiri, kwa kuwa sheria humchukulia mwombaji wa viza hiyo kuwa ana nia ya kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, na fomu ya I-130, ya kumwombea mwenzi, aliyoiwasilisha mumewe imeshasema kwamba nia hiyo ipo.

Ushauri wangu kwa mwenye wazazi wazee ni huu: kabla ya kufungua maombi ndani ya nchi, nenda kwanza nyumbani ukawaone, au, kwa aliyeko Uingereza, ulizia huduma ya haraka inayolipiwa zaidi, ambayo inapopatikana uamuzi wake hutarajiwa kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Waeleze pia wazee wa ukoo mapema. Kwetu mazishi yanaweza kungoja siku kadhaa mtoto afike, na wazee wasioambiwa kitu watakungoja, watakupigia simu usiku, na mwishowe utakata tiketi kwa aibu. Wakijua tangu mwezi wa kwanza wa kusubiri kwamba huwezi kutoka, watamteua mdogo wako atupe udongo kwa niaba yako, na ibada ya arobaini wataisogeza mpaka majibu yatoke.