Kuuza jengo la fremu Kariakoo: bei iache mwisho

Mnunuzi wa kwanza aliyekuja kuona jengo letu hakupanda hata ngazi. Alisimama nje, akahesabu hatua kutoka kona ya jengo hadi kwenye mtaro, akageuka akahesabu upande wa pili, kisha akaniuliza, "Mama, nyuma mnapakana na nani?" Na mimi nilikuwa nimemaliza wiki nzima nasimamia fundi rangi. Kama una jengo la zamani mjini, fremu za maduka chini na vyumba juu, hiyo rangi usinunue. Huku kwetu, mitaa ya nyuma ya Msimbazi, anayekuja na hela za maana anakuja kubomoa. Ananunua kiwanja na kile anachoweza kukisimamisha juu yake.

Anza na hati. Baba alinunua jengo 1986, akafariki 2014, na hati ikabaki kabatini kwa Mama ndani ya mfuko wa rambo. Wote tulijua ipo, hakuna aliyeisoma. Ilikuwa ya miaka 33, kwa hiyo 2019 iliisha na sisi tunaendelea kupokea kodi za wapangaji kama kawaida. Hati zetu huwa za miaka 33, 66 au 99. Itoe yako leo uhesabu. Anayetaka kujenga ghorofa kumi atajenga kwa mkopo, na benki itauliza miaka iliyobaki kabla ya kuuliza kitu kingine.

Kuihuisha kulitaka kwanza jina la Baba litoke. Kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama, na mwisho mimi nikateuliwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mwenye mali, hilo wengi hulisahau. Warithi wote waandike ridhaa, na kama mwenye jengo yu hai, mwenzi wake naye asaini. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na kinyongo chake, akaenda kwa Msajili wa Hati kuweka zuio. Miezi minne tukakwama. Alikuja kuliondoa siku nilipomwekea mezani karatasi, pale sebuleni kwa Mama: bei tunayotarajia, toa kodi ya serikali, toa kamisheni ya dalali, toa wakili, fungu lako ni hili. Karatasi hiyo ningeiandika mwanzoni kabisa.

Kwa majengo ya katikati ya jiji, wakili wa mnunuzi atauliza pia kuhusu 1971. Mwaka ule serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba. Hata kama lako halikuguswa, fanya upekuzi rasmi wa hati mwenyewe uwe na karatasi mkononi.

Sasa wapangaji, na hapa ndipo jasho lilipo. Kwenye vitabu vyangu nilikuwa na fremu nne na wapangaji wanne. Nilipozunguka na daftari nikakuta biashara tisa. Fremu ya kona, kwa jina la mzee mmoja muuza vitenge, ilikuwa imekatwa kwa mbao kuwa vibanda vitatu: cha simu, cha mabegi na cha nywele za bandia. Mzee mwenyewe alikuwa kijijini miaka miwili, anapokea kodi kwa simu. Binti wa mabegi akaniambia, "Dada, mimi nililipa kilemba milioni kumi na mbili. Nani atanirudishia?" Kilemba ni hela ya kuingilia fremu, mbali na kodi. Mimi sikuwahi kuiona hata senti ya kilemba hicho. Lakini yeye alikuwa amelipa kweli, na mwenye jengo anayemjua ni mimi.

Basi andika orodha ya waliomo kwa macho yako, siyo ya mikataba. Kila mmoja: nani, alilipa mpaka lini, kwa nani. Kodi za Kariakoo hulipwa miezi sita au mwaka mbele, na mnunuzi makini atakuuliza hizo hela za miezi iliyobaki ni za nani. Sisi tuliacha kupokea za mwaka, tukahamia miezi mitatu mitatu na notisi ya maandishi, mpaka mikataba yote ikaishia mwezi mmoja. Yule binti tulimwachia akae miezi mitano bure. Ndugu zangu walinuna. Mimi niliona ni nafuu kuliko kesi, maana jengo lenye mpangaji aliyegoma hununuliwa kwa bei ya kutupa.

Kabla ya mthamini, mwite mpima ahakiki bikoni, yale mawe ya mipaka, kisha nenda mipango miji ya jiji uulize mambo mawili: ghorofa ngapi zinaruhusiwa hapo, na hifadhi ya barabara inakula kiasi gani. Majibu hayo ndiyo bei yako. Mthamini aliyesajiliwa hupiga hesabu ya jengo jipya litaingiza nini, anatoa gharama za kulijenga na faida ya mjenzi, kinachobaki ndicho kiwanja. Kwetu kuta za Baba zilikuwa karibu na bure kwenye ripoti ile. Iliniuma kidogo.

Utaletewa pia habari ya ubia: toa kiwanja, mwenzako ajenge, mgawane ghorofa. Sheria ya 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, na kuna waliofaidika. Mama ana miaka 78; hatukuwa na muda wa kusubiri zege likauke.

Dalali chukua mmoja, kwa maandishi. Jengo likishikwa na madalali sita lina bei sita.

Mkataba wa mauziano uandikwe na wakili wako, hela zipite benki, na fomu za uhamisho usizisaini mpaka hela ziwe zimetimia. Mnunuzi wetu, mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka Guangzhou, alitaka kulipa nusu aanze kubomoa fremu za mbele. Nilikataa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka hapo Kariakoo likaua watu. Nyundo isiguse nguzo wakati jina kwenye hati bado ni lako. Kwa kodi ya serikali, muuzaji ambaye ni mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote, na bila kuilipa uhamisho hausajiliwi. Risiti za paa, za mabomba, za fundi, zote zina thamani. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa desturi hubebwa na mnunuzi, lakini andikeni.

Siku ya makabidhiano someni mita ya LUKU na ya maji pamoja, mpige picha. Na kwenye mkataba orodhesha utakachong'oa. Sisi tulisahau mlango wa ngazi, wa mninga, Baba aliuchongesha mwenyewe. Nilirudi kuuomba, mnunuzi akacheka, akanipa na kijana wa kuubeba. Uko uani kwangu Mbagala, umeegemea ukuta. Ni mpana kuliko milango yangu yote.