Umepewa ukepteni wa raga na fainali ni Jumamosi? Fanya hivi

Kwanza mdogo wangu acha kuhubiri kila saa, vijana wanajua ni fainali, we kazi yako wiki hii ni kuhakikisha watu wanalala, maana hapa Mbeya mwezi wa sita baridi linakung'ata usiku kucha na ukichanganya na stori za bwenini mtu anafika uwanjani macho mekundu.

Siku yenyewe kula mapema, masaa matatu hivi kabla, wali maharage na ndizi inatosha, sio chipsi za stendi. Halafu pasheni misuli moto vizuri na msivue masweta mapema, msuli wa baridi unachanika kizembe.

Sasa refa. Kwenye raga anayeongea na refa ni kepteni tu, kwa hiyo waambie wenzako mapema kabisa midomo ifungwe, na we ukimfuata uliza kwa adabu, "refa, tunakosea wapi kwenye skramu?" (pale timu mbili zinapofungamana na kusukumana kugombea mpira), ukibwata penalti inasogezwa mita 10 mbele mnabaki kulaumiana.

Ukishinda kurusha sarafu angalia upepo kwanza, kama unavuma kweli mi ningechagua goli, niusukumie kwao kipindi cha kwanza.

Penalti mbele ya goli na mko nyuma pointi 2? Piga, chukua 3, usilete ushujaa.

Na mtu akigongwa kichwa akayumba atoke hapohapo na asirudi, hata kama ndo tegemeo lenu.